Tunu Alivyofoka Mbele ya Bibi Yake

Dada yangu Mwamina binti Abubakary hakuwahi kumtaja mtu jina ndani ya wimbo. Hiyo ilikuwa sheria yake tangu akiwa msichana, na ndiyo iliyomfanya aogopwe Nkowe nzima. Alikuwa anaweza kukusema wewe, mkeo, na mbuzi wa watu uliyemficha nyuma ya nyumba, nawe ukikasirika unajichoma mwenyewe, maana watu watakuuliza: kwani wewe umetajwa wapi?

Mimi ni Shaban, mdogo wake wa kufuatana naye, na ndimi niliyekuwa nampigia ngoma. Yeye anaanza mstari, wanawake wanaitikia, mimi naweka mkono. Tulifanya hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini, kwenye harusi, kwenye sherehe za watoto kutoka unyagoni, hata mbele ya wakubwa wa serikali walipokuja kukagua mashamba ya korosho. Wakubwa walikuwa wanapiga makofi bila kujua kwamba wameshasemwa.

Aliolewa mara mbili na akapata mtoto mmoja tu, Mwanabibi. Mwanabibi hakurithi sauti ya mama yake. Alirithi ukimya. Akaolewa na Ausi, kijana wa Nachingwea, tandiboi wa malori yaliyopeleka korosho Mtwara na kurudi na sabuni na vitenge. Ausi ndiye aliyetuletea kufokafoka. Ilikuwa kama mwaka tisini na tano hivi. Alikuja na kanda za vijana wa Dar es Salaam, wengine wakifoka kwa Kiingereza cha kuigiza, wengine kwa Kiswahili, akaziweka kwenye redio yake barazani.

Dada alisikiliza mkanda mmoja akiwa anapepeta mpunga. Ulipoisha akasema, "Sasa huyu amenyang'anywa nini?"

"Hajanyang'anywa, dada. Anaimba," nikamwambia.

"Anaimba! Mtu anafoka kama mgambo, unasema anaimba. Sauti haipandi, haishuki. Na anamtaja mtu jina lake hadharani kama karani anayeita watu wa chanjo. Huo si wimbo, Shaban. Huo ni ugomvi uliowekewa ngoma."

Ausi hakuthubutu kubishana na mama mkwe wake. Aliningoja mimi niondoke, akanifuata mpaka njiani.

"Mjomba, hawa vijana wanasema ukweli wa maisha."

"Na dada yangu anasema nini?"

"Mama anasema pia. Lakini anazunguka. Mtu asiyejua mambo ya Nkowe haelewi."

Nilimwona mjinga. Nilimwambia kwamba kuzunguka huko ndiko kunakoitwa akili. Kuhusu ngoma yao nilikuwa na maneno makali zaidi, maana nilisikia haipigwi na mtu, inabonyezwa. Ngoma isiyo na ngozi, isiyoota moto ikakaza, ningeiitaje ngoma?

Ausi alifariki mwaka tisini na nane huko Masasi, baada ya kukohoa muda mrefu. Mwanabibi akarudi Nkowe kwa mama yake akiwa na mtoto wao, Tunu, wa miaka kumi na mmoja. Tulipompokea tulidhani kwamba amekonda kwa msiba. Miezi ikapita, akazidi kukonda. Vidonda vikamjaa mdomoni, chakula hakipiti. Dada alihangaika na kila aina ya dawa. Alikwenda kwa waganga wa Likunja, akapelekwa kwa wengine ng'ambo ya Nanganga. Hospitali ya Nachingwea Mwanabibi alikwenda mwenyewe, mara mbili, akiwa bado ana nguvu za kupanda gari. Alirudi akasema wamempa vidonge vya homa.

Jirani yetu mmoja aliitwa Winfrida. Alikuwa Mmakua, Mkristo, wazazi wake walivuka Ruvuma wakikimbia vita ya Wareno akiwa amebebwa mgongoni. Hakuwa na mume wala mtoto. Alifinyanga vyungu na kuviuza sokoni Ruangwa. Huyu Winfrida ndiye aliyekuwa anamletea Mwanabibi uji. Kila siku asubuhi, bakuli mikononi, limefunikwa kawa. Uji wa mtama wenye asali, umepikwa ukawa mwepesi ili upite kwenye koo lenye vidonda. Dada alikuwa akishinda shambani au njiani kwa waganga, kwa hiyo mara nyingi Winfrida aliwakuta Mwanabibi na Tunu peke yao.

Mwanabibi akafariki Oktoba mwaka tisini na tisa, wakati mabibo yanaanguka na kijiji kizima kinanuka pombe yake, uraka. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Dada hakulia siku ile. Alikaa amekodoa macho, ameshika kitambaa cha marehemu, akituuliza kila aliyeingia: "Kwani alikula nini?" Akauliza tena. "Kwani mwanangu alikula nini?" Mwishowe mwanamke mmoja, sitamtaja, akajibu: "Si alikuwa anakunywa uji wa Winfrida tu." Nilikuwepo. Nilimwona dada akigeuza shingo polepole kuelekea nyumba ya jirani.

Baada ya arobaini shangazi yake Tunu alikuja kumchukua mtoto akasome Nachingwea. Nyumba ikabaki na dada peke yake, na humo ndimo alimotunga wimbo ule. Nauandika hapa ili mwone jinsi ulivyokuwa mzuri, maana ulikuwa mzuri, na hilo ndilo linalonitisha.

*Bakuli limekuja, mikono miwili,*
*limefunikwa kawa, lanukia asali.*
*Aliyekunywa kalala, aliyeleta mzima,*
*jirani we, jirani, nani alikutuma?*

Tuliuimba mara ya kwanza mwaka elfu mbili, kwenye sherehe za baada ya mavuno, uwanjani kwetu Nkowe. Hakuna jina. Lakini wanawake walipoitikia "jirani we, jirani," kila jicho uwanjani lilimtafuta mtu mmoja. Winfrida alikuwa amekaa na vyungu vyake pembeni. Alisikiliza ubeti mzima. Kisha akajitwisha vyungu, akaondoka.

Wimbo ulitutoka mikononi. Watoto wakaimba wakienda kisimani. Wakauimba walevi. Ukavuka mpaka Nachingwea. Watu wakaacha kununua vyungu vya Winfrida, wakisema vina kitu. Akiingia zahanati, benchi linabaki lake peke yake. Siku moja alirudi kutoka sokoni akakuta makuti ya paa lake yameshushwa yote na kutupwa njiani. Akalala siku mbili chini ya mbingu, siku ya tatu akaondoka kwenda Likunja kwa kaka yake, Stefano. Hakuna aliyemsindikiza. Mimi nilimwona akipita na baiskeli ya kuazima, godoro limefungwa nyuma, nikaingia ndani.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa tarehe mosi Desemba, mwaka elfu mbili na tatu, Siku ya Ukimwi Duniani. Wilaya iliandaa sherehe uwanjani Ruangwa, asubuhi mpaka mchana. Kikundi chetu kilialikwa. Kulikuwa na jenereta, spika mbili kubwa, maturubai kwa ajili ya wakubwa, na jua kali kwa ajili yetu. Dada alivaa kanga mpya. Tuliimba nyimbo mbili kuhusu kujitunza, zile tulizoelekezwa, lakini watu wakapiga kelele wakitaka "Bakuli! Bakuli!" Dada akanitazama, akatabasamu, tukaupiga. Uwanja mzima uliitikia. Nakumbuka nilijisikia fahari. Naomba Mungu anisamehe kwa fahari ile.

Tulipokaa, mshereheshaji akatangaza: "Sasa tunawaleta vijana wa sekondari kutoka Nachingwea, na muziki wa kizazi kipya!"

Vijana wakashangilia. Wazee wakaguna. Mzee Mohamedi, aliyekuwa amekaa nyuma yangu, akasema, "Haya, wahuni wamefika." Mwalimu Eustakio, wa shule yetu ya msingi, akamjibu, "Wape nafasi, mzee. Hiyo ndiyo lugha yao." Wakaanza kubishana palepale. Mmoja anasema ni kelele za kuiga Wamarekani, mwingine anasema hata ngoma zetu ziliwahi kuitwa kelele na wamisionari. Dada hakuingilia. Alikuwa anakunywa maji.

Wakapanda wanne. Wavulana watatu na mmoja mwembamba mwenye suruali pana na kofia iliyogeuzwa nyuma. Wavulana wakafoka kwa zamu, wakawa wanarusharusha mikono, na kusema kweli niliambulia maneno machache tu. Kisha yule mwembamba akasogea mbele akavua kofia.

Maji yalimtoka dada puani.

"Shaban. Yule si Tunu?"

Alikuwa Tunu. Miaka kumi na sita, nywele fupi, amevaa suruali mbele ya mkuu wa wilaya. Tulikuwa hatujamwona tangu likizo ya Juni, na hapo alikuja na gauni na hijabu, mkimya kama mama yake. Dada alitaka kusimama. Nikamshika mkono.

Tunu alipofungua tu mdomo, mkanda ukakwama. Spika zikatoa sauti ya mtu anayekabwa, kisha kimya. Mvulana mmoja akatoa mkanda, utepe wote umetoka nje kama utumbo wa kuku. Watu wakacheka. Mshereheshaji akataka kuwashusha.

Tunu akageuka akanitafuta kwa macho. Akasema kwenye kipaza sauti, kwa adabu kabisa:

"Shikamoo babu Shaban. Naomba unipigie."

Nitasema nini? Mjukuu wa dada yangu ameniamkia mbele ya watu elfu. Na nilitaka kuwaonyesha wale vijana kwamba ngozi ya mbuzi haikwami. Nikavuta ngoma. "Unataka mwendo gani?" nikamuuliza.

"Ule wa Bakuli. Taratibu kidogo."

Nikapiga. Na jambo la kwanza lililonishangaza siku ile ni kwamba maneno yake yalikaa. Kufokafoka kule nilikokudharau kulikaa juu ya ngoma yangu kama mtu anayerudi kwao. Kila nilipoacha nafasi, yeye aliingia. Nilitabasamu. Ndipo nikaanza kusikia alichokuwa anasema.

*Naitwa Tunu, mama yangu Mwanabibi,*
*alifia Nkowe, nyumbani kwa bibi.*
*Mkasema karogwa, mkamtafuta mchawi,*
*mama kaniambia mwenyewe: mwanangu, huu ni ukimwi.*

Mikono yangu ikaendelea. Niliiambia iache, haikusikia.

*Baba alitangulia, mkasema ni kifua,*
*mama akafuata, mkasema hamkujua.*
*Uji wa jirani mkaugeuza sumu,*
*mama alikunywa kidogo, hakuwa na hamu.*
*Sasa niulizeni uliobaki alimaliza nani:*
*mimi, kila siku, mpaka chini ya sahani.*
*Nililamba bakuli, nikarudia na mkono,*
*mbona sikuvimba, mbona sikuumwa hata jino?*
*Mama Winfrida, uliko, hukufanya baya,*
*tulioimba ni sisi, sisi ndio tuone haya.*

Akanyamaza. Mikono yangu nayo ikanyamaza. Hakuna aliyepiga kofi. Mgeni rasmi alikuwa anaangalia karatasi yake kana kwamba kuna kitu kipya kimeandikwa humo.

Dada alikuwa ameshasimama. Alitembea mpaka katikati ya uwanja, polepole, kanga imeanguka bega moja. Nilidhani anakwenda kumzaba kofi, na nadhani Tunu naye alidhani hivyo, maana alifumba macho. Lakini dada alisimama hatua mbili mbele yake, akauliza kwa sauti ndogo, na kipaza sauti kikaichukua:

"Uji uliunywa?"

"Niliunywa, bibi."

"Ule ule? Wa bakuli lile lile?"

"Ule ule. Mama akisema ameshiba, ananipa. Kila siku. Wewe ulikuwa shambani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mama alinikataza. Alisema bibi yako atakufa kwa aibu."

Dada alifungua mdomo. Yule mwanamke ambaye hakuwahi kukosa neno maishani mwake alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua tena. Alikaa chini pale pale vumbini, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Tunu akapiga magoti amshike. Dada akauondoa mkono wake. Hakuusukuma. Aliuondoa tu, kama mtu anayeondoa jani lililomwangukia.

Tulirudi Nkowe kwenye lori la halmashauri. Dada alikaa nyuma kabisa. Nilipotaka kumsaidia kushuka akanitazama usoni, akasema, "Ulimpigia mpaka mwisho." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwangu kwa muda wa miezi miwili na nusu.

Nkowe iligawanyika. Mzee Mohamedi alisema msikitini kwamba mtoto aliyemvua nguo marehemu mama yake mbele ya watu amelaaniwa, na kwamba hiyo ndiyo faida ya kufokafoka: kutoa siri za ndani kwa spika. Wazee wengi walikubaliana naye, na mimi nilikuwa mmoja wao kwa siku kadhaa. Jina la maiti halichezewi. Ugonjwa ule ulikuwa hautajwi hata na walioupata. Wanawake wa kikundi walisema kama Tunu alikuwa na jambo, angelileta ndani, kwa heshima, likamalizwa kifamilia.

Mwalimu Eustakio alinikuta kisimani nikisema maneno hayo hayo.

"Mzee Shaban," akaniambia, "wimbo wa dada yako ulimalizwa kifamilia?"

Nilijaza ndoo, nikaondoka nayo.

Nilikwenda Nachingwea peke yangu, nikamkuta Tunu kwa shangazi yake, anafua. Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza. Aliponiamkia nikaona kwamba amekonda kwa mawazo.

"Kwa nini hukunijia mimi kwanza?" nikamuuliza. "Mimi ni babu yako. Ningeongea na bibi yako."

"Ningekuambia, babu, ungeniruhusu niseme?"

"Nisingekuruhusu."

"Nilimwona Mama Winfrida hapa sokoni," akasema. "Mwezi wa nane. Alikuwa anauza viazi. Watoto wakaanza kumwimbia. Wa huku, babu, hata Nkowe hawaijui. Nikamsogelea nikasema mimi ni Tunu. Unajua aliniuliza nini? Aliniuliza kama nimepata mtu wa kunipikia uji." Akaendelea kufua. "Nilijaribu kuutunga wimbo kama wa bibi. Wa kuzunguka. Nikaona nikizunguka tena, watu watachagua mtu mwingine wa kumtazama."

Nilirudi nyumbani nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokwenda.

Katikati ya Februari, asubuhi, dada alikuja mlangoni kwangu. Alikuwa amezeeka. Hakuingia. Akasema, "Toa baiskeli. Nipeleke Likunja."

Winfrida alikuwa anaishi nyuma ya nyumba ya kaka yake Stefano, kwenye kijumba cha chumba kimoja. Tulimkuta anakanyaga udongo wa vyungu. Alituona, akaendelea kukanyaga. Dada alipiga magoti. Mtu wa miaka karibu sitini, alipiga magoti kwenye udongo ule uliolowa, akasema, "Dada Winfrida, nilikukosea. Nimekuja kuomba radhi."

Winfrida akasema, "Inuka, Mama Mwanabibi. Utachafua kanga."

Dada hakuinuka.

"Nilimpikia mwanao kwa sababu yeye ndiye aliyeniomba," akasema Winfrida. "Aliniambia anaumwa nini. Aliniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu, hata mliponishushia paa. Ningesema neno moja tu, mngeniacha. Sikulisema."

Kwa miaka minne tulikuwa tumemtesa mtu aliyekuwa na kinga mdomoni, akaimeza kwa ajili ya mtoto wetu. Dada alilia pale, kwa sauti, kilio ambacho hakikutoka siku ya msiba. Stefano akatoka ndani kuona ni nani amekufa.

Dada alipotulia akasema, "Niambie nifanye nini."

"Wewe uliniimba," akasema Winfrida. "Mbele ya watu, na ngoma. Sasa unaniomba radhi huku uani, tupo wanne. Hapana. Kaimbe. Pale pale uliponiimba. Na safari hii taja majina."

"Sijawahi kutaja jina katika wimbo."

"Najua," akasema Winfrida, akarudi kwenye udongo wake.

Kwa dada hilo lilikuwa jambo zito kuliko magoti. Aliniambia njiani kwamba ni afadhali angeambiwa atoe shamba. Wimbo wenye majina kwake ulikuwa kama chakula kibichi. Alikaa nao tangu Februari mpaka Julai. Nilikuwa nikipita nyumbani kwake namsikia anajaribu mstari, anakohoa, anaacha. Mara moja alinituma Nachingwea nikamwulize Tunu neno moja la kumalizia mstari. Tunu naye akatuma jibu kwa karatasi. Dada hajui kusoma, nikamsomea: "Bibi, usitafute neno zuri."

Siku ya sherehe za mavuno uwanja ulijaa. Winfrida alikuja na Stefano, wakasimama mbali. Tunu alikuja amevaa gauni. Dada alitoka katikati bila wanawake wa kuitikia, maana nusu ya kikundi walikataa kushiriki. Akaniashiria. Nikapiga mwendo ule.

*Mimi Mwamina, binti Abubakary,*
*nilimwimba Winfrida, nikamwimba kwa uongo.*
*Mwanangu Mwanabibi kafa kwa ukimwi,*
*Winfrida kampa uji, mimi nikampa uchawi.*

Ni hivyo tu. Mistari minne. Haikuwa na vina vya kupendeza, mstari wa pili hata haukukaa vizuri kwenye ngoma, na sauti yake ilipasuka katikati. Akaurudia mara tatu. Wanawake wawili walitoka uwanjani wakiwa wameziba midomo na kanga. Mzee Mohamedi alisema "Lahaula" kwa sauti, akabaki amesimama na fimbo yake mpaka mwisho, hakuondoka. Mara ya tatu mtu mmoja akaitikia, kisha wengine watatu wanne. Hawakuwa wengi. Yule mwanamke aliyesema "si uji wa Winfrida tu" siku ya msiba alikuwa mbele yangu, akifunga na kufungua fundo la kanga yake.

Winfrida alisikiliza mara zote tatu. Kisha akaja akampa dada mkono, akaondoka kabla ya chakula. Hakurudi kuishi Nkowe. Vijana walijitolea kumwezekea nyumba yake upya, akasema asante, akampa mpwa wake aikae. Vyungu vyake watu walianza kununua tena, baadhi yetu kwa aibu tu, wakati vya zamani havijavunjika. Yeye na dada hawakuwa marafiki. Walikuwa wanasalimiana sokoni, wanaulizana hali, basi.

Kikundi chetu hakikupona. Tunu alimaliza sekondari akaenda kusomea ualimu, na kufoka akaacha, bila mtu kumkataza. Wale wavulana watatu walikwenda Dar es Salaam kutafuta studio, sikuwasikia tena.

Lakini kuna jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Vijana wa kwetu waliokuwa wanajifunza kufoka walianza kumletea dada mistari yao. Walianza kwa woga, mmoja mmoja, wakakuta hawafukuzwi. Yeye bado alisema ule si wimbo. Mwalimu Eustakio alimchokoza mara nyingi, "Mama, sasa umekubali ni muziki?" naye akajibu, "Ni maneno. Maneno nayajua." Alikuwa akikaa anamenya muhogo, kijana amesimama anafoka mbele yake huku anapiga kifua, na yeye hainui hata kichwa mpaka amalize.

Mwaka elfu mbili na saba nilimkuta Jonasi, mtoto wa fundi baiskeli, anamsomea mistari kuhusu msichana mmoja wa Nanganga. Alikuwa amemtaja jina, ukoo na duka la baba yake, na kumwita tapeli wa mapenzi. Vina vilikuwa vikali, hata mimi nilitikisa kichwa kwa kuvifurahia.

Dada akaweka kisu chini.

"Huyu msichana alikukosea nini hasa?"

Jonasi akajikuna. "Aliniacha, bibi."

"Alikuahidi kitu?"

"Hapana."

"Alichukua kitu chako?"

"Hapana, bibi."

"Kwa hiyo hakukupenda tu."

Jonasi akatazama chini. "Hakunipenda."

"Basi sema hivyo," akasema dada, akaokota muhogo mwingine. "Jina lake liondoe. La kwako libaki."